Kwa nini ukiuliza unachochomwa wodini unaonekana mkorofi?

#1 Mtu wa Kibaigwa
Wakuu, habari za jioni.

Mzee wangu amelazwa hospitali moja ya mkoa. Jina naliacha, bado yumo wodini na sitaki anyooshewe kidole. Ana nimonia. Juzi jioni nesi kaja na trei, sindano ameshaivuta dawa huko huko mezani kwao, akashika mkono wa mzee wenye kanula, kile kibomba cha kupitishia dawa, bila neno. Nikauliza kwa upole, "Dada samahani, hiyo ni dawa gani?" Akanipandisha na kunishusha: "Kwani wewe daktari?" Nikamweleza kwamba mzee aliwahi kuvimba uso na kubanwa kifua kwa penisilini, ndiyo maana nauliza. "Daktari kaandika, mimi nachoma." Akachoma.

Haikuwa penisilini, namshukuru Mungu. Kilichoniuma ni wagonjwa wenzake mle ndani kunigeukia mimi: "Kijana usituharibie, hawa wakinuna tunanuniwa wodi nzima."

Sasa nauliza. Mtu akilazwa ana haki ya kujua anachopewa au hana? Faili lake anaruhusiwa kulisoma? Mimi niliambiwa ni mali ya hospitali. Na kama haki hiyo ipo, kwa nini ukiidai unaonekana mkorofi?

#2 Chapati Moto
Nimeweka kiti hapa. Uzi huu utakuwa mrefu.

#3 Kamanda wa Boda
Mishahara tu hiyo, mkuu. Mtu analipwa kiduchu halafu unategemea akuchekee? Nenda hospitali za kulipia uone, mpaka wanakuita "baba yetu". Na afya ni haki ya kila raia kwa mujibu wa Katiba, wewe wapeleke mahakamani tu.

#4 Nesi wa Zamu ya Usiku
Pole na mzee, #1. Mimi ni muuguzi, wodi ya wanaume naijua kama sebule yangu. Kabla sijawatetea wenzangu niseme wazi: ulikuwa na haki ya kuuliza na alipaswa kujibu. Chuoni tunakaririshwa mpaka tunaota: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Hata jina hutakiwi kumtajia mgonjwa, unamwacha alitaje mwenyewe. Ukimwuliza "wewe ndiye Juma?" mtu mwenye homa ataitikia chochote.

Ila na nyinyi njooni mlale zamu moja. Usiku tuko wawili, wagonjwa arobaini na kitu, wengine wamelala mzungu wa nne kitanda kimoja. Saa mbili dawa za wote zinatoka kwa wakati mmoja. Kitanda cha tatu dripu imekwama, cha kumi na moja anatapika, na kila kitanda kina shemeji anayeuliza kile kile alichouliza kaka yake mchana. Si kwamba hatutaki kueleza, pumzi ndiyo hakuna.

Halafu nikuulize, mzio wa mzee uliandikishwa siku ya kulazwa?

#5 Mtu wa Kibaigwa
Asante dada. Haukuandikwa, na hakuna aliyetuuliza. Aliyemfikisha pale ni mdogo wangu, naye hajui habari za penisilini.

#6 Nesi wa Zamu ya Usiku
Basi kesho asubuhi anza na hilo. Uandikwe kwa wino mwekundu juu ya jalada. Kama hospitali imeshahamia kwenye mfumo wa kompyuta, mwambie daktari auingize ukiwa umesimama pale. Yale mengine ya heshima tutayajadili mzee akiwa salama.

#7 Mzee Kipara
Vijana hamkumbuki tulikotoka. Enzi za Mwalimu matibabu yalikuwa bure, na kitu cha bure huwa hakiulizwi. Unaingia, unapewa karatasi ya klorokwini, unasema asante. Hospitali binafsi zilipigwa marufuku na Azimio la Arusha mwaka 1967, kwa hiyo ukigombana na nesi wa serikali huna mlango mwingine wa kugonga. Hofu hiyo ndiyo mnayoiona wodini leo, tumewarithisha sisi.

#8 Bin Salim Tanga
Shikamoo Mzee Kipara. Narekebisha kidogo tu. Azimio halikupiga marufuku hospitali binafsi. Sheria ya kuzuia tiba ya kibiashara ilikuja 1977, zikaruhusiwa tena 1991. Za misheni hazikufungwa muda wote huo.

Hoja yako pia ina tundu. Uchangiaji ulianza 1993, hivyo tumeshalipia kwa zaidi ya miaka thelathini. Kama ukali ulitokana na bure, mbona pesa haijauondoa?

#9 Mzee Kipara
Marahaba. Tarehe nakupa. Hofu haiishi kwa risiti, mwanangu.

#10 Wakili Msikivu
Kamanda wa Boda, usimpoteze mwenzio. Katiba yetu ya 1977 haisemi hivyo. Ibara ya 14 ni haki ya kuishi. Ibara ya 11 inagusa msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu, lakini imo kwenye sehemu ya malengo ya msingi, na ibara ya 7 inasema wazi kwamba sehemu hiyo haitekelezwi kwa amri ya mahakama. Ukienda na ibara hiyo peke yake utarudi na gharama za kesi.

Pa kushika ni pengine. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Habari za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, na mwenye taarifa ana haki ya kuzipata. Hata tukikubali kwamba jalada na karatasi ni mali ya hospitali, kilichoandikwa humo ni habari zako. Usimnyang'anye nesi faili mkononi. Andika barua kwa mganga mfawidhi, taja kwamba unaomba nakala ya taarifa zako za matibabu, iache masijala na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Nimeona barua ya namna hiyo ikijibiwa na watu waliokuwa wakisema haiwezekani.

#11 Kamanda wa Boda
Wakili umenivua nguo mchana. Sawa, Katiba naiacha. Mishahara siachi.

#12 Msafiri wa Kisauni
Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Huku Kenya Katiba ya 2010 ibara ya 43 imetaja afya waziwazi, na imesema mtu asinyimwe tiba ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kuwa mgonjwa aelezwe hali yake, njia za tiba zilizopo, hatari na gharama zake, tena kwa lugha anayoifahamu. Yote yameandikwa vizuri sana.

Sasa njooni muone wodini. Utaambiwa "ngojea daktari", na daktari akipita amepita kama basi lisilo na abiria wa kushuka. Kwa hiyo msidhani sheria ikiandikwa ndiyo mdomo wa mtu utafunguka.

#13 Chapati Moto
Wakenya bwana, mpaka matatizo yenu yana vifungu.

#14 Binti Njombe
Naomba niongeze yangu. Mama yangu mdogo alikuwa apasuliwe uvimbe wa kizazi. Usiku ukabandikwa ukaratasi juu ya kitanda wenye herufi tatu, NPO, akaambiwa asile wala asinywe. Asubuhi chai ikapita, akageukia ukutani. Saa nne uji ukapita. Saa saba ugali na maharage ukapita, harufu ndiyo hiyo, na anatumia dawa za presha ambazo nazo hakumeza kwa sababu aliambiwa asimeze kitu. Saa tisa mama wa usafi akawa anapiga deki chini ya kitanda, akashangaa: "Mama hujala? Mbona wa upasuaji wa leo walishaahirishwa tangu asubuhi, mashine ya usingizi imeharibika."

Wodi nzima ilijua isipokuwa mwenye tumbo lake. Hakuna aliyemtukana wala kumfokea. Walimsahau tu. Mimi hilo la kusahauliwa naliona baya kuliko lile la "kwani wewe daktari", maana huyo angalau amekuona.

#15 Nesi wa Zamu ya Usiku
Binti Njombe, hapo sina utetezi. Taarifa ya kuahirishwa inatakiwa itoke chumba cha upasuaji, ifike kwa muuguzi wa wodi, na yeye aondoe ule ukaratasi. Hapo katikati mtu mmoja akidhani mwenzake ameshasema, basi. Na dawa ya presha asubuhi ya upasuaji inaulizwa kwa mtu wa usingizi, mara nyingi anamezeshwa na maji kidogo. Mgonjwa asiamue mwenyewe.

#16 Fundi Redio
Tunaongelea adabu wakati kuna roho za watu hapa. Mmesahau Novemba 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili? Wagonjwa wawili, wote jina la kwanza Emmanuel. Mmoja goti, mwingine uvimbe kichwani. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti, na huyu wa kichwa akafariki. Tangu siku ile mimi nikilazwa namwambia kila anayenisogelea majina yangu matatu na ninachoumwa, hata kama amekuja kupima joto tu. Waniite mkorofi.

#17 Chapati Moto
Fundi, mpaka anayeleta chai?

#18 Fundi Redio
Huyo naye. Chai ya sukari mimi siruhusiwi.

#19 Kivuli cha Daktari
Nasoma kimya tangu mwanzo, niweke la kwangu. Mmesema mishahara, mmesema historia, mmesema uchache wetu. Yote yana ukweli wake. Mnachokiacha ni namna tunavyofinyangwa. Ukiwa mwanafunzi unasimama kwenye raundi, bingwa yuko upande mmoja wa kitanda, nyinyi upande wa pili, mgonjwa katikati. Mnamjadili kwa Kiingereza dakika kumi kama vile godoro halina mtu. Ukikosea jibu unasemwa mbele yake. Ukimgeukia kumweleza kwa Kiswahili unaambiwa unachelewesha raundi. Miaka mitano ya hiyo, halafu unakuwa intani, daktari wa mafunzo, na kulala hulali. Unatoka umejifunza kwamba mgonjwa ni kesi.

Lakini kuna upande wa pili ambao hakuna ndugu anayependa kuusikia. Wanaoficha mara nyingi si sisi. Majibu yakitoka ni saratani, kaka mkubwa ananivuta koridoni: "Dokta, tafadhali usimwambie mama, mwambie ni vidonda vya tumbo." Mama mwenyewe ana akili zake timamu, ameuza mahindi yake kujitibu. Nikimwambia ukweli, ukoo mzima unanichukia. Nikinyamaza, nimemnyima haki yake. Mnataka nifanye nini hapo?

#20 Kipepeo wa Makambako
Daktari, hapo umegusa kidonda. Sisi tulimficha baba. Tulikubaliana ndugu wote, hata shangazi asiyejua kutunza siri alitunza. Baadaye kabisa tukagundua baba alijua siku ile ile, alimwuliza mgonjwa wa kitanda cha pili kwa nini wote wa ile wodi wanachomwa dawa inayonyoa nywele. Akatuficha kwamba anajua ili tusiumie. Akaondoka hatujaagana vizuri, na suala la shamba la kule bondeni mpaka leo tunagombana kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwuliza.

#21 Bin Salim Tanga
Pole sana dada. Lakini mimi nitasimama upande wa kaka wa koridoni. Mama yangu angeambiwa ghafla na mtu mwenye koti jeupe anayeangalia saa, presha ingemmaliza kabla ya hiyo saratani. Haki ya kujua isiwe haki ya kupigwa na habari kama jiwe. Familia inajua mlango gani wa kupitia.

#22 Kivuli cha Daktari
Nakubali mlango ni wa familia. Ninachouliza ni pale familia inapoamua kusiwe na mlango kabisa.

#23 Mama Wawili
Mnaongelea kuficha, mimi naongelea kusaini. Nilikuwa leba, mtoto amechoka, daktari kasema upasuaji. Nesi akauliza mume yuko wapi aje asaini. Mume yuko machimboni Geita, simu haipatikani. Nikasema nipe kalamu nisaini mimi, tumbo ni langu. Wakaangaliana kama nimetukana. Aliyeniokoa ni mkunga mmoja mtu mzima aliyeingia akauliza, "Anaongea? Ana miaka zaidi ya kumi na nane? Sasa mnamsubiri nani?" Yule mtoto leo yuko la tatu, anasumbua kweli.

#24 Nesi wa Zamu ya Usiku
Huyo mkunga apewe soda. Mtu mzima mwenye fahamu zake anasaini mwenyewe. Ndugu anasaini kwa mtoto au kwa aliyepoteza fahamu, na dharura ya kuokoa maisha haisubiri sahihi ya mtu aliye safarini. Hii ya "mume aje" ni woga wa kulaumiwa baadaye, maana waume wengine wanakuja na maneno: nani kawaruhusu kumpasua mke wangu?

#25 Kamanda wa Boda
Mimi ningekuja na maneno hayo hayo, niwe mkweli.

#26 Mama Wawili
Na ndiyo maana unaendesha boda usiku peke yako.

#27 Mchagga wa Hannover
Nacheka mpaka abiria wa treni wananiangalia. Niko Ujerumani, nilikuja kusomea uuguzi na sasa nafanya kazi wodini. Huku sheria ya haki za wagonjwa ilianza Februari 2013: kabla ya upasuaji daktari lazima akueleze kwa mdomo, karatasi peke yake haitoshi, na mgonjwa ana haki ya kuona faili lake. Wagonjwa wanaitumia hasa! Mzee wa miaka themanini anakuambia hicho kidonge jana kilikuwa cheupe, leo mbona cha njano, na hamezi mpaka umwonyeshe boksi.

Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Nilijiona nadharauliwa, nikajisikia nataka kusema "kwani wewe daktari". Nilitoka nalo nyumbani hilo, siyo mshahara, kwa sababu hapa mshahara ni tofauti na hasira ilikuwa ile ile. Uchache wa watu uko huku pia, usiku naachiwa wodi peke yangu. Kwa hiyo Nesi na Kamanda, sina hakika na maelezo yenu.

#28 Nesi wa Zamu ya Usiku
Dada yangu, peke yako na wagonjwa wangapi? Na wanalala chini? Usilinganishe.

#29 Wakili Msikivu
Ila hapo Mchagga kasema kitu. Kule akikosea kuna bima ya kulipa na wakili wa kuandika barua. Hapa malalamiko yanaishia sanduku la maoni ambalo ufunguo wake anao anayelalamikiwa. Watu hawajui kwamba daktari anashitakiwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuguzi Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wizara nayo ina namba 199, kupiga bure. Ukiombwa rushwa ni TAKUKURU, 113.

#30 Fundi Redio
Umetaja rushwa, na damu je? Shemeji yangu aliambiwa atoe elfu themanini "ya chupa ya damu", mkononi, bila risiti.

#31 Kivuli cha Daktari
Damu haiuzwi. Utakachoombwa ni ndugu waje kuchangia kurudisha iliyotumika, na hata hilo si sharti la kumnyima anayetokwa na damu. Aliyetaka hela mkononi alikuwa anafanya biashara yake. Piga hiyo namba aliyotaja Wakili.

#32 Mtu wa Kibaigwa
Wakuu, mrejesho. Leo nimewahi raundi. Nikamwambia daktari kijana, intani bila shaka, habari ya mzio. Kaandika juu ya jalada, kisha akafungua faili akanisomea mwenyewe: dawa ni seftriaksoni. Akasema kwa mtu aliyepata shida kubwa na penisilini ilibidi waijadili kwanza, maana hizo dawa zina undugu wa mbali, na kwa wachache inaweza kuleta shida. Ameagiza mzee aangaliwe kwa karibu kila anapochomwa.

Yule nesi wa juzi alikuwepo zamu. Hakusema kitu, ila mchana alipokuja alitaja jina la dawa kabla sijauliza. Sijui ni kwa sababu ya daktari au ameamua tu. Wale wagonjwa walioninunia, mmoja kaniita pembeni nimsomee vyeti vyake.

#33 Chapati Moto
Kibaigwa umeshakuwa daktari sasa, jibu la swali la nesi limepatikana.

#34 Mzee Kipara
Kijana asante kwa mrejesho. Mpe mzee pole yangu.

#35 Kipepeo wa Makambako
Naomba kuuliza jingine kama uzi unaruhusu. Kuna binti wa jirani yetu ameruhusiwa tangu juma lililopita, ila bili haijaisha, yuko tu pale wodini na kichanga, mlinzi kaambiwa asimtoe. Hilo ni halali?

#36 Msafiri wa Kisauni
Huku kulikuwa na kesi ya kina mama waliozuiliwa Pumwani, Nairobi, kwa ajili ya bili. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akasema kuwazuilia vile ni kuvunja haki zao, na akaamuru walipwe fidia. Deni ni deni, lakini mwili wa mtu si rehani. Nasikitika kuwaambia kwamba baada ya hukumu hiyo mtindo haukwisha.

#37 Bin Salim Tanga
Hukumu ya Kenya haimtoi mtu getini Tanzania, Msafiri. Na tuwe wakweli, hospitali ikiruhusu kila mtu aondoke na deni, nani atanunua glovu za keshokutwa?

#38 Nesi wa Zamu ya Usiku
Kipepeo, mwache Bin Salim na glovu zake. Aende ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini kesho asubuhi, asiende dirisha la malipo. Afisa ustawi ndiye anayepima kama mtu hana uwezo, na ndiye anayepeleka maombi ya msamaha au ya kulipa kidogo kidogo. Abebe barua ya mtendaji wa mtaa. Na kama ni hospitali ya serikali, aombe bili iliyochambuliwa mstari kwa mstari, kwa sababu huduma za uzazi na za mtoto wa chini ya miaka mitano zina msamaha kisera. Nataka kujua wamemtoza nini hasa.

#39 Kipepeo wa Makambako
Ametumiwa jumla tu kwenye simu, namba ya malipo na kiasi. Mchanganuo hana.

#40 Wakili Msikivu
Basi aanze na mchanganuo. Ukiupata uuweke hapa, ficha jina lake.